Mstari mmoja tu, lakini umeingia

Jumanne usiku nikiwa kwa matatu ya kurudi Roysambu simu ikalia, kuangalia ni imeli kutoka GitHub, ule mtandao watu wanawekea kodi za programu zao, mstari wangu wa kodi umekubaliwa (kodi ya kompyuta, yale maagizo yanayounda programu, si ile ya KRA). Nilipiga kelele mpaka konda akageuka. Mstari mmoja tu bana, lakini ni wangu!

Sasa kuna kijana ameniandikia juzi, anataka kuanza kuchangia programu huria (zile kodi yake iko wazi, mtu yeyote anaweza kupendekeza marekebisho) na hajui aanzie wapi. Mdogo wangu, wacha kwanza nikwambie vile mimi nilianza vibaya.

Oktoba 2020 nilisikia kuhusu Hacktoberfest, ile kampeni ya kampuni ya DigitalOcean ya kila Oktoba ya kuhimiza watu wachangie programu huria, mwaka huo ukituma puli rikwesti nne (yaani maombi ya kuingiza mabadiliko yako kwa mradi wa mtu) unapata fulana ya bure. Corona imetufungia nyumbani, kazi hakuna, nikaitamani ile fulana kama mtoto. Nikachukua mradi ambao hata sikua nimewahi kuutumia, nikaongeza kaneno ka sifa kwa README yake, lile faili la maelezo ya mradi, nikatuma. Wa pili hivyo hivyo. Kuamka asubuhi zote zimefungwa, zimebandikwa neno "spam", yaani takataka, na msimamizi mmoja ameandika hapo chini eti watu kama mimi tunamwibia wikendi yake. Kumbe tulikua wengi dunia nzima, mpaka wenye kampeni wakabadilisha sheria siku chache tu baada ya kuanza, ikawa ni mradi ukubali kwanza kushiriki. Makosa yalikua yangu, sikatai. Lakini angeniuliza hata jina? Lile neno lilinikaa, miaka mitatu sikugusa mradi wa mtu.

Kilichonirudisha ni namba ya simu. Nilikua natengenezea chama cha anti yangu fomu ya kuandikisha wanachama, nikatumia maktaba ya bure (kodi tayari iliyoandikwa na wengine) ya kukagua namba, ikakataa namba yake mwenyewe kwa sababu inaanza na 0110. Maktaba ilijua 07 peke yake, haina habari siku hizi Safaricom wanatoa za 011 na Airtel za 010. Anti akaniambia, "Hiyo kompyuta yako haijui Kenya."

Na hapo ndio nikaelewa, nilikua najua kitu ambacho wenye mradi hawajui. Safari hii sikurusha kodi kama jiwe gizani. Niliandika isyu kwanza, yaani ripoti ya tatizo kwa ukurasa wa mradi, nikaeleza namba gani inakataliwa na kwa nini, nikauliza kama naweza kurekebisha. Siku tisa kimya. Siku ya kumi mtu akajibu, leta. Mambo ya git (kile kifaa cha kutunza na kutuma mabadiliko ya kodi) hapo katikati nayaruka, jua tu nilisoma faili la CONTRIBUTING, lenye sheria za kuchangia, mara mbili na bado nikaambiwa niongeze majaribio, ile kodi ya kuhakikisha marekebisho yanafanya kazi, nikaongeza, nikaambiwa nafasi za mstari ziko vibaya, nikarekebisha, sikununa.

Kwa hivyo nyinyi mnaozunguka mkitafuta lebo ya "good first issue" (kazi rahisi za wanaoanza) kama watu wa kungoja msaada, tulieni. Anza na kitu unachokitumia. Kikikusumbua wewe, andika kinavyokusumbua. Uliza kabla ya kugusa. Kifanye kidogo. Narudia, kitu unachokitumia, si kile kina nyota nyingi za kupendwa huko GitHub. Na msiniambie hakuna miradi ya kwetu, Ushahidi, ile programu ya kukusanya ripoti za wananchi kwa ramani, ilizaliwa hapa hapa 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi na kodi yake iko wazi, OpenMRS, ile ya rekodi za wagonjwa, inatumika kwa hospitali zetu, lakini wangapi kati yenu mmewahi kufungua hata ukurasa wake wa isyu? Mnataka tu kuweka kwa sivii. Hata mimi nimeweka, lakini mimi nimengoja.

Jana nimesasisha maktaba kwa ile fomu, namba ya anti ikaingia mara moja. Nikampigia kumwambia kodi yangu sasa inatumika na watu wa nchi nyingi. Akauliza nimelipwa ngapi.