Maswali ya Wasomaji: Spika ya Kuifaa Redio ya Valvu

SWALI: Karatasi ya spika ya redio yangu ya valvu (taa za kioo zinazofanya kazi ya transista) imechanika, haigandiki tena. Ninayo nyingine ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), upana uleule. Nikiifunga kuna ubaya?

JIBU: Itatoa sauti, ila vibaya. Kati ya valvu ya mwisho na spika kuna transfoma ya sauti, na ndiyo inayoamua valvu ione mzigo gani. Redio nyingi za zamani zilipangiwa spika ya omu 3.2. Chukua valvu ya 6V6, inayotaka mzigo wa omu 5,000 hivi: transfoma yake huzidisha omu za spika karibu mara 1,560. Kwa spika ya omu 4, valvu inaona kama 6,250, na sikio halitambui tofauti. Kwa omu 8 inaona 12,500: nguvu inashuka na sauti inakwaruza mapema ukiongeza.

Basi tafuta ya omu 4. Mita ya kupimia omu hupima ukinzani wa waya tu, kwa hiyo spika ya omu 3.2 husoma karibu 2.7, na ya omu 8 husoma 6 hadi 7.

Upana uleule hautoshi. Spika nyingi za gari za siku hizi zina karatasi nzito na ukingo wa mpira, na redio hizi hutoa wati 2 hadi 4 tu. Chagua yenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 au zaidi kwa wati 1, umbali wa mita 1. Yenye desibeli 84 inataka wati mara nne kutoa sauti ileile! Karatasi nyepesi yenye ukingo wa karatasi ndiyo inayofaa.

SWALI: Spika ya zamani haina sumaku ya kudumu. Ina nyaya mbili za sauti na mbili zinazoingia kwenye koili kubwa nyuma. Mpya ina mbili tu. Zilizobaki nizifunge wapi?

JIBU: Koili hiyo ni sumaku ya umeme, tena inachuja umeme wa volti kubwa wa redio nzima. Ukiacha nyaya zake wazi, redio haitoi sauti; ukiziunganisha moja kwa moja, volti zinapanda na mvumo unajaa.

Zima redio, chomoa waya wa ukutani, hakikisha kwa mita kwamba kapasita (vihifadhi chaji) zimeisha chaji, kisha pima koili. Weka rezista (kizuizi cha umeme) ya omu zilezile mahali pake. Kwa omu 1,200 na miliampea 60, joto ni wati 4.3, tumia rezista ya wati 10, mbali na kapasita. Rezista haichuji kama koili, hivyo kapasita inayoifuata ipandishwe hadi mikrofaradi 47, volti 450. Ile ya kwanza, iliyo karibu na valvu ya kunyoosha umeme, usiiongeze: itaiumiza valvu hiyo.

Koili ikiwa na waya wa tatu katikati, huenda inatengeneza volti hasi za gridi, waya wa ndani ya valvu unaodhibiti mkondo. Hapo tumia rezista mbili, kila moja na omu za kipande chake.

SWALI: Nikisubiri spika, naweza kuiwasha redio bila spika?

JIBU: Hapana. Transfoma isiyo na mzigo huzusha volti kubwa mno upande wa valvu, na cheche zinaweza kutoboa kihami cha waya wake. Funga rezista ya omu 4, wati 5, mahali pa spika.