"Panda gari": kosa liko wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mukono, Uganda. Niliandika ubaoni "Panda gari" kama mfano wa amri, mzee mmoja tunayefundisha naye akanisihi niifute. Ina kosa gani?

JIBU: Mwalimu, ukimwambia mtu mmoja, haina kosa. Wakiwa wawili au zaidi, lazima kiishio -ni: pandeni gari. Na hapo ndipo penye kidonda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari walizingira mitaa ya Kampala, wakakusanya watu na kuwapakia kwenye malori. Umati mzima uliamriwa kwa kitenzi cha umoja, na wako ambao hawakuonekana tena. Kwa mzee huyo, panda gari si kitenzi na yambwa yake. Ni jina la operesheni.

Kuanguka kwa -ni hakukuanza siku hizo. Kiswahili cha kambini, tangu enzi za Keya (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki), kilikuwa cha kupitishia amri kati ya askari wa makabila mengi, na viambishi vilipukutika njiani. Ulegevu huohuo umo katika "mafuta mingi", jina walilopewa matajiri wa enzi za Amin, ambalo kwa sarufi lingekuwa mafuta mengi.

Suala hili lina nadharia yake, nayo pia ni mtoto wa vita. Usiku wa 11 Novemba 1918, siku Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokoma, wasomi Waingereza C. K. Ogden na I. A. Richards walikaa Cambridge wakijadili maana, saa chache baada ya duka la Ogden kuvunjwa na wanafunzi. Katika kitabu chao cha 1923 walishikilia kwamba neno peke yake halina maana. Msikilizaji huipata kutokana na mazingira alimolisikia kabla. Baada ya miaka minne ya propaganda, si ajabu wakafikia hapo.

Basi mfano ubadilishe. Kuongeza "tafadhali" hakutoshi: "Tafadhali panda gari" bado ni askari, ila leo ameamka vizuri. Tumia dhamiri tegemezi, yaani umbo la kitenzi linaloishia -e: "Naomba mpande gari." Au mpe abiria mwenyewe kauli: "Nipande teksi gani kwenda Jinja?" Katika kukanusha, wafundishe "msipande", maana "hapana panda" nayo ni ya kambini. Ukiitaja operesheni yenyewe, ipatanishe kama jina la ngeli ya I-ZI: panda gari ilipoanza, panda gari ile.