Eiersalat inatoa maji na kiini kinakuwa kijani, nakosea wapi?

SWALI: Dada habari, shemeji yangu anaishi Ujerumani na nilipoenda kumtembelea jioni alikuwa anatupa mkate mweusi na saladi ya mayai, wenyewe wanaita Eiersalat, tamu balaa! Sasa nikitengeneza mwenyewe inatoa maji, kiini kinakuwa na kijani kijani, na mume wangu anasema hayo ni mafuta matupu. Ni kweli?

JIBU: Mafuta yapo mdogo wangu, ila mengi hayatoki kwenye yai, yanatoka kwenye mayonesi. Yai moja lina kalori kama 75 na protini gramu 6 hivi, na kile kiini watu wanachokiogopa ndo chenye vitamini D na kirutubisho kinaitwa kolini. Kijiko kikubwa kimoja cha mayonesi peke yake ni kalori kama 100, na watu wanamimina vinne vitano bila hata kuangalia! Kwahiyo punguza mayonesi nusu, hapo weka mtindi mzito usio na sukari, hata Wajerumani wengi wanafanya hivyo, halafu tia haradali kijiko kidogo, pilipili manga na majani ya kitunguu yaliyokatwa ndogo ndogo, mafuta hutayakumbuka.

Ule ukijani sio yai bovu, umechemsha mno tu. Salfa ya kwenye ute inakutana na madini ya chuma ya kwenye kiini, basi unapata ule mduara. Dakika 9 au 10 tangu maji yachemke zinatosha, toa, tumbukiza kwenye maji ya baridi sana palepale. Na usitumie mayai yaliyotagwa jana, ganda linang'ang'ania ute mpaka unakasirika, yaliyokaa kama wiki yanamenyeka vizuri.

Maji nayo, kama unaweka matango ya siki, yanatoka humo. Yakate vipande vidogo, yakamue mkononi kabisa mpaka yaache kudondoka, na mayai yapoe ndo uchanganye, ukichanganya ya moto mayonesi inayeyuka. Chumvi weka mwisho baada ya kuonja maana haradali na matango tayari vina chumvi.

Ikiwa mayonesi umepiga mwenyewe kwa yai bichi, saladi iliwe siku hiyohiyo, na mjamzito asiile kabisa. Saladi ya mayonesi ya dukani inakaa friji siku 2, ila ikishinda mezani zaidi ya masaa 2 mwaga.