Maswali kwa Mwalimu: Kocha apimwe kwa timu yake ya pili

*Mwalimu, tunakusalimu kutoka Kondele. Kwenye ukumbi wetu wa kutazamia mpira kuna ubao wa kuandikia mechi za siku na kiingilio. Wiki jana mwenzetu mmoja aliandika hapo kwa chaki makocha watano bora wa Ligi Kuu ya Uingereza: Guardiola, Ferguson, Mourinho, Klopp, Wenger. Tangu siku hiyo hakuna amani. Wa Man U hawasemezani na wa City, na wa Arsenal wamehamia ukumbi wa jirani. Tumekubaliana utuamulie wewe. — Mashabiki wa Kondele, Kisumu*

Ndugu zangu, futeni ubao. Mpangilio wangu ni Ferguson, Guardiola, Wenger, Klopp, Mourinho, na sababu zangu ni hizi.

Mashabiki wengi huhesabu makombe. Mimi nahesabu timu. Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule za upili Kakamega kwa miaka mingi, na huko kalenda haimhurumii kocha. Kidato cha nne wakimaliza mtihani Novemba, wameondoka na timu yako. Januari unafungua stoo, unatoa jezi nambari 5 ya beki aliyekuwa akiwatoa jasho mafowadi wa kila shule jirani, unampa mtoto wa kidato cha pili, nayo inamfika magotini. Mtoto anakutazama usoni akisubiri umwambie asimame wapi. Kutwaa ubingwa na kundi moja zuri kunaweza kumtokea kocha yeyote mwenye bidii na bahati. Kazi hasa ni kushinda tena wale wa kwanza wakishaondoka.

Sasa mtazameni Ferguson. Aliingia Manchester United mwaka 1986 na kungoja hadi 1993 kupata ubingwa wake wa kwanza wa ligi. Mwaka 1995 aliwaacha Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis waondoke katika kiangazi kimoja, akawaingiza vijana wa nyumbani: Beckham, Scholes, Butt, ndugu wawili Neville. Wakafungwa 3-1 na Aston Villa mechi ya kwanza, na kwenye runinga ikasemwa kwamba watoto hawashindi kitu. Mei 1996 watoto hao walikuwa na ligi na Kombe la FA. Wakaja kutwaa makombe matatu mwaka 1999. Kisha nao wakazeeka. Kuanzia 2004 hadi 2006 ligi ikaenda kwa Arsenal na Chelsea, Keane akaondoka, Van Nistelrooy akaondoka, na wengi wakasema mzee amekwisha. Akarudi na Rooney, Ronaldo na Vidic, akashinda ligi 2007, 2008 na 2009, na Ulaya 2008. Akamuuza Ronaldo, bado akashinda 2011. Mwaka 2013 akaaga na ubingwa wake wa 13, mabao 26 ya ligi yakiwa ya Van Persie pekee. Hizo ni timu nne kamili, na zote zimejengwa na mtu mmoja.

Guardiola wa Manchester City ni wa pili, na si mbali. Ile City iliyozoa alama 100 mwaka 2018 ilikuwa ya Kompany, David Silva, Fernandinho na Agüero. Iliyotwaa makombe matatu 2023 ilikuwa ya Rodri, Rúben Dias na Haaland, aliyefunga mabao 36 ya ligi msimu wake wa kwanza. Mwendo wao wenyewe ulikuwa umebadilika: timu iliyozoea kucheza bila mshambuliaji wa kati ikajifunza kumlisha mmoja. Kubomoa kitu ambacho bado kinashinda kunataka moyo. Ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024, hakuna klabu nyingine ya Uingereza iliyowahi kuupata. Najua wa Man U watataja mashtaka zaidi ya 100 ya kifedha ambayo ligi ilitangaza dhidi ya City Februari 2023, na ambayo klabu iliyakanusha. Hayo ni ya klabu. Mimi napima kazi ya uwanjani.

Wenger wa Arsenal mmemweka wa tano, na hapo ndipo mlipokosea zaidi. Alipofika 1996 alikuta ukuta wa mabeki Adams, Bould, Dixon na Winterburn, akabeba nao ligi na Kombe la FA 1998. Mwaka 2004 ukuta mzima ulikuwa mwingine: Lauren, Campbell, Touré, Cole. Kolo Touré hakuja kama beki wa kati. Wenger ndiye aliyemgeuza. Ukuta huo ukamaliza mechi 38 bila kufungwa hata moja, ushindi 26 na sare 12. Baadaye ligi ilimponyoka, na miaka hiyo iliwaumiza watu wake, lakini timu mbili za ubingwa alizijenga.

Klopp aliinyanyua Liverpool hadi ubingwa wa Ulaya 2019 na wa ligi 2020 kwa alama 99. Akaanza kujenga ya pili, akawaleta Mac Allister, Szoboszlai na Gakpo, akaondoka 2024. Arne Slot akavuna ubingwa wa 2025 na wachezaji wale wale kwa sehemu kubwa. Kwangu mimi nusu ya kombe hilo ni la Klopp.

Mourinho alikuwa na Chelsea iliyofungwa mabao 15 tu msimu mzima wa 2004/05, na sijaona ukuta mwingine kama ule. Aliporudi akashinda tena 2015, nami nampa heshima yake. Lakini Desemba mwaka huo huo alipigwa kalamu, bingwa akiwa nafasi ya 16. Timu zake huwaka sana, kisha huzima.

Na nyote mmesahau kwamba mpira Uingereza haukuanza 1992 na Ligi Kuu. Bob Paisley wa Liverpool alibeba ligi mara sita na Kombe la Ulaya mara tatu katika misimu tisa tu. Kama ubao una nafasi, mwandikeni juu kabisa pamoja na Ferguson.

*Mwalimu, mnamsifu Wenger kwa kutofungwa. Mbona hamtaji Gor Mahia ya Frank Nuttall mwaka 2015? Nayo haikufungwa ligi nzima! Au kwa sababu ni ya kwetu? — Mwana K'Ogalo, Ahero*

Umenena haki, ndugu yangu, na inauma kwamba kijana wa Kisumu atakutajia kikosi cha Arsenal cha 2004 bila kusita, lakini hicho cha Gor hakijui. Mechi 30 bila kufungwa, katika ligi ambayo leo unacheza uwanja wa majani mazuri na kesho unacheza kwenye vumbi, ni kazi ya kuheshimiwa popote duniani. Michael Olunga alifunga mabao 19 msimu ule.

Ila kipimo changu hakimbagui mtu. Olunga alihamia Sweden, na Nuttall mwenyewe aliondoka 2016 kabla ya kujenga nyingine. Tusker ikachukua ligi mwaka huo. Kwa hiyo kwangu kocha bora wa ligi yetu ni Robert Matano, hata kama hukuwahi kumshangilia. Mwaka 2009 aliichukua Sofapaka, iliyokuwa imepanda daraja tu, akaipa ubingwa. Mwaka 2012 akafanya hivyo na Tusker. Akarudi Tusker baadaye, wachezaji wakiwa wengine kabisa, akashinda 2021 na 2022. Kila mara alianza na kikosi kipya. Angekuwa na jina la kigeni, ubao wa Kondele ungekuwa naye.

*Mwalimu, Ranieri na Leicester yake 2016 wako wapi kwenye orodha za watu? — Bungoma*

Hawapo, na kwangu pia hawapo. Leicester kutwaa ubingwa ni hadithi tamu kuliko zote ligi ile imewahi kutoa. Lakini kiungo wao N'Golo Kanté alipouzwa Chelsea kiangazi kile, pengo la katikati halikuzibwa. Februari 2017 Ranieri alifutwa, na Mei Kanté alikuwa bingwa tena kwingine. Nampenda Ranieri. Simpangi.

*Mwalimu, mimi ni msichana wa miaka 19, nacheza kiungo na nataka kuwa kocha. Nikiwasikiliza wanaume wakipanga makocha wao sisikii hata mwanamke mmoja. Nianzie wapi? — Luanda, Vihiga*

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili.

Wapo, na kwa kipimo changu wako juu. Emma Hayes alikaa na Chelsea ya wanawake kuanzia 2012 hadi 2024, akabeba ligi kuu mara saba, na wachezaji wa 2015 si wale wa 2024. Akaenda Marekani, na kiangazi hicho hicho akatwaa dhahabu ya Olimpiki Paris. Hapa kwetu, Mildred Cheche aliwapeleka wasichana wa chini ya miaka 17 Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe lolote la Dunia la FIFA, na wakawafunga Mexico 2-1. Wewe umetoka kaunti ya Vihiga Queens, waliocheza Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake Afrika mwaka 2021. Huanzi gizani.

Anza hivi. Nenda kwenye mechi, ukae karibu na benchi, na beba daftari. Usifuate mpira. Timu ikifungwa bao, andika dakika, kisha andika kocha alifanya nini katika dakika kumi zilizofuata: alimwita nani, alimsogeza nani, alinyamaza au alipiga kelele. Fanya hivyo msimu mzima. Ulizia tawi la kaunti la FKF, shirikisho la soka la Kenya, kuhusu kozi ya ukocha ya leseni D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ambayo ndiyo ngazi ya chini, ukaanze kuweka akiba ya ada yake mapema. Na wakati unangoja, nenda shule ya msingi iliyo karibu nawe, umwombe mwalimu mkuu akuachie timu ya wasichana jioni mbili kwa wiki. Shule nyingi hazina wa kuishika.