Mahindi ya uani: tatizo ni mbelewele, si mbolea

Malalamiko ya wanaoanza kulima mahindi nyumbani hufanana. Mihindi imestawi, majani ya kijani kibichi, urefu umempita mwenye nyumba, lakini akimenya hindi anakuta punje tano huku, tatu kule, kwingine gunzi tupu. Jirani atamwambia ni mbolea. Ataongeza urea, na msimu ujao mapengo ni yaleyale.

Mhindi mmoja una ua dume na ua jike, ila vimekaa mbalimbali. Mbelewele ile ya kileleni ndiyo dume. Ndevu zinazochomoza kwenye suke ni za jike. Kila unywele umeunganishwa na punje moja tu kwenye gunzi, na usipopata chavua, yaani unga wa ua dume, nafasi ya punje hiyo hubaki wazi. Nyuki utawaona kwenye mbelewele wakizoa chavua, lakini usiwategemee, kwa sababu ndevu hazina nekta ya kuwaita. Kazi ni ya upepo, na chavua ya mahindi ni nzito, nyingi huanguka mita chache tu kutoka ilipotoka.

Kwa hiyo ule mstari mmoja mrefu kando ya ukuta, ambao wengi wetu huupenda kwa kuwa haubani uwanja, ndio mpangilio mbaya kuliko yote. Upepo ukivuma kwa ubavu, chavua yote inakwenda kwa jirani. Panda kwa mraba: mistari mitano mifupi yenye mashina matano kila mmoja, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina. Eneo la mita nne kwa mbili linatosha.

Kisha panda siku moja. Najua hamu ya kuchoma mahindi kila wiki, ila ukipanda sita leo na sita wiki ijayo, kila kundi litakosa wenzake wa kutosha. Afadhali 25 kwa mkupuo, kisha kundi jingine baada ya wiki tatu. Mbegu ambazo hazikuota zirudishie mapema. Mhindi uliochelewa sana hutoa ndevu wakati mbelewele za wenzake zimekwisha.

Kama nafasi ni ndogo zaidi ya hapo, saidia kwa mkono. Subiri umande ukauke, kwenye saa tatu hadi saa tano asubuhi. Inamisha mbelewele taratibu ndani ya bahasha kubwa ya kaki, itikise, utaona unga wa njano umejikusanya chini. Mfuko wa plastiki haufai, hutoa jasho na chavua ikagandana (na Tanzania imeupiga marufuku tangu 2019). Nyunyiza unga huo kwenye ndevu asubuhi hiyohiyo, wa mhindi huu kwenye ule, maana jua kali huua chavua haraka. Rudia siku kadhaa mfululizo. Ndevu za punje za kwenye kitako cha gunzi hutangulia kutoka, za nchani huja mwisho. Anayenyunyiza siku moja tu ndiye anayevuna hindi lenye ncha kipara.

Ukitaka kujua kama kazi imeshika, baada ya siku chache chuma suke moja la majaribio. Chana maganda kwa wembe kutoka kitakoni hadi nchani, yafunue bila kuzivuta ndevu, kisha litikise. Ndevu zilizokwisha kazi yake hudondoka, zilizokosa chavua hung'ang'ania.

Kipindi hiki usikose kumwagilia. Ukame huchelewesha ndevu huku mbelewele ikiendelea na ratiba yake, hivyo hazikutani. Na usikubali mtu akate mbelewele mapema kwa ajili ya mbuzi wake. Viwavijeshi nao waanze kukaguliwa mapema, mihindi ikiwa michanga, ndani ya moyo wa mmea. Kwa uwanja mdogo kuwaokota kwa mkono kila asubuhi kunatosha.

Mbegu? Staha na TMV-1 si chotara, unaweza kutunza mbegu zake. Ya chotara nunua upya kila msimu. Na ukipanda ya njano karibu na nyeupe, usishangae kukuta punje za njano kwenye hindi jeupe msimu uleule.

La kuchoma huwa tayari wiki tatu hivi baada ya ndevu kutoka: ndevu zimekauka na kuwa kahawia, na punje ukiiminya kwa ukucha inatoa maziwa. Ikitoa maji, bado. Ikiwa kama ugali, liache likauke.