Muulize Shangazi: Kadi za karatasi bado zinatunzwa makabatini

Toleo lililopita nligusia kidogo tu ile kadi ya Idi niliyoikuta kwenye sanduku la marehemu mama, chini kabisa, imefungwa na leso pamoja na cheti cha ndoa, mistari minne basi, sikutegemea barua zingekuja nyingi namna hii. Wengi mnasema na nyie mnazo, wengine mnataka kutengeneza, wengine mnauliza kama hii mambo ina maana yoyote siku hizi simu zimejaa. Nimechukua tano, zingine ntazijibu mwezi ujao inshallah.

Shikamoo Shangazi. Naolewa mwezi wa kumi na mbili. Kamati imekaa imesema kadi zote ziende kwa WhatsApp, zile za kuskani mlangoni, kwamba za karatasi ni hasara. Mi roho inaniuma, babu zangu na mashangazi zangu wa kijijini wana simu za kitochi, na mimi mwenyewe toka mdogo nlikua natamani kadi yangu ya kuishika. Nikisema naonekana mbishi. Nifanyeje? – Bi harusi mtarajiwa, Morogoro

Marahaba mwanangu, hongera sana. Kamati kwenye hesabu haijakosea. Kadi ya mchango inaenda kwa watu wengi na wengine hata hawachangii, hiyo acha iende kwenye simu tu, na ya mlangoni vilevile, kuskani kunaondoa ule ubishi wa mtu ana kadi ya singo kaja na mke na shemeji. Hapo usipigane nao.

Ila wazee ni habari nyingine. Mzee akiletewa kadi mkononi, mtu katoka mjini kaja nayo, kakaa, kanywa chai, kaulizwa habari za nyumbani, huo ndo mwaliko wenyewe, na kadi inabaki pale juu ya kabati la vyombo kama ushahidi kwamba alitumiwa mtu. Kila atakayeingia ataonyeshwa. Meseji hakuna mzee anayemwonyesha mgeni. Kwahiyo kaa na mama yako usiku mmoja andikeni majina ya wazee wa pande zote, na upande wa mwenzio usiusahau, jitahidini yasizidi 40, halafu hela ya kamati usiiguse kabisa, zitengenezeni wenyewe na dada zako. Karatasi ngumu za A4 ishirini zinatosha, kila moja ikikatwa katikati inatoa kadi mbili, ukikunja kila nusu unapata kadi ya milimita 105 kwa 148 inayoingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Maneno ya mwaliko kachapishe stationery, huko ndani yanapendeza yakinyooka. Jina la mzee andika kwa mkono wako, tafadhali, tena jina analoitwa nyumbani, “Babu na Bibi wa Matombo”, sio “Mr & Mrs” na nukta nukta iliyojazwa na mtu wa kamati asiyewajua. Mi naamini kabisa kadi inatunzwa kwa ajili ya mwandiko, maua ya juu yanapendeza siku ya kwanza, ila miaka kumi baadaye mtu anafungua kuangalia pale ulipoandika.

Shangazi, mimi naona haya mambo ya kadi ni uzungu tu, sisi asili yetu mtu anakwenda kwa miguu anatoa salamu zake. Mnatufundishia watoto nini? – Mzee wa Wete, Pemba

Shikamoo mzee wangu. Kwa asili ya kadi yenyewe umesema kweli, kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, jamaa mmoja Henry Cole alikua na barua nyingi za kujibu kuliko muda alionao, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, ikachapwa nakala kama elfu moja, zilizobaki zikauzwa shilingi moja moja ya Kiingereza. Yani ilianza kama njia ya kupunguza kazi. Lakini angalia jambo moja mzee, hata Cole mwenyewe na haraka zake zote aliacha nafasi mbili tupu, juu ya jina la anayepelekewa na chini ya jina la anayepeleka, akajaza kwa kalamu. Hiyo hakuweza kuichapa.

Na sisi, mzee, salamu ya kuandikwa sio ngeni kwetu. Wazee wa pwani waliandikiana barua za khati za Kiarabu, ukiisoma salamu na dua peke yake zinajaza nusu ya karatasi kabla hujafika kwenye shida iliyomfanya aandike. Na leso je? Mama akimpa bintiye kanga anachagua kwanza maneno, anasoma duka zima, rangi inakuja baadae, na binti anaiweka miaka bila kuivaa kwa sababu ya yale maneno. Mi kadi naiona mtoto wa nyumba hiyohiyo, kapita kwa jirani tu akarudi na nguo nyingine. Kwenda kwa miguu kuendelee, tena kadi inapendeza zaidi ikipelekwa kwa miguu.

Habari Shangazi. Natengeneza kadi za maganda ya mgomba hapa Bukoba, nachora wanawake wamebeba vikapu, ngoma, mitumbwi, nabandika kwenye karatasi ngumu. Shida mbili. Zikikaa wiki mbili tatu kwenye nailoni zinaota ukungu na zingine zinabanduka pembeni, alafu wateja wanaziona ghali wanasema za dukani zenye miziki ni rahisi. – Mjasiriamali, Bukoba

Hii nimeifurahia maana hiyo kazi naipenda mno, rangi zote zile, kahawia ya giza mpaka ile ya maziwa, zinatoka kwenye shina moja bila tone la rangi ya dukani.

Ukungu unatokana na unyevu na huko kwenu mvua haikauki. Chukua maganda yaliyokaukia yenyewe kwenye mgomba, yale yanayoning’inia, usichune mabichi. Yafute na kitambaa chenye unyevu kidogo kutoa vumbi na wadudu, anika kivulini penye upepo, alafu piga pasi ya moto wa wastani huku umeyafunika na kitambaa chepesi, pasi inatoa unyevu wa mwisho na inalinyoosha ganda, na hapa wengi wanakosea, wanabandika ganda lililojikunja wakitegemea gundi ndo ilinyooshe, haliwezi, litajikunja tena na kubanduka. Gundi tumia ile nyeupe ya mbao, paka nyembamba kwa brashi mpaka kwenye kingo, weka chini ya vitabu vizito usiku mzima. Ikitoka hapo usiingize kwenye nailoni siku hiyohiyo, iache wazi siku mbili tatu, maana gundi nayo ina maji yake na ukiifunga mapema umeyafungia humo ndani. Kipindi cha masika bora uzifunge kwa karatasi tu.

Kingine ni kukunja. Karatasi ina uelekeo wa nyuzi, ichukue ijaribu kuipinda taratibu upande huu na upande ule, utaona kuna upande inakubali na upande inagoma, mkunjo wako ufuate ule inaokubali. Kabla hujakunja pitisha rula na kalamu ya bic iliyoisha wino kutengeneza mfereji, hapo mkunjo hautapasuka. Na picha yako ikae mbali na mkunjo kama milimita tatu, ganda likivuka pale kadi ikifunguliwa mara nne litakatika.

Bei sasa. Ntakwambia kitu ambacho hutakipenda. Michael Norton wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2012, waliwapa watu karatasi wakunje vyura na korongo, wengi wakakunja hovyohovyo maana hawakua mafundi, alafu wakaulizwa uko tayari kutoa hela ngapi ukichukue ulichotengeneza. Wenyewe walitaja wastani wa senti 23 za dola, watu wengine wakionyeshwa vitu vilevile wakataja senti 5. Mkono uliotengeneza unaona kazi, mteja anaona karatasi. Kwahiyo bei yako ni ya haki kabisa, ila mteja lazima aione kazi, mwache aone ukikata na wembe hapohapo mezani, nyuma ya kadi andika mistari miwili kwamba hili ni ganda la mgomba wa Kagera, limekatwa kwa mkono, na jina lako. Kule Mwaluganje, Kwale, kuna karatasi inatengenezwa kwa mavi ya tembo, maana tembo anakula sana na nyuzi nyingi zinatoka hazijasagika, wanaosha, wanachemsha, wanachuja kwenye wavu, na mgeni ananunua kwa sababu kaambiwa imepita wapi. Kadi za miziki usishindane nazo, betri ikiisha mziki umeisha.

Na ndani iache tupu kabisa. Usichape “Happy Birthday” wala “Heri ya Mwaka Mpya”, mteja mmoja atanunua ya msiba na mwingine ya kipaimara.

Shangazi mwanangu wa la pili kila ijumaa analeta kadi ya manila ya mama, gundi imejaa, pambo za kumeremeta zinamwagika mpaka kwenye wali. Droo imejaa. Kuzitupa naona dhambi. – Mama wa mmoja, Mombasa

Mamangu, chagua moja kila muhula, mwambie yeye mwenyewe akusaidie kuchagua, nyuma andika tarehe na umri wake kwa penseli. Zingine piga picha. Ulizoziweka zisikae na magazeti, gazeti linageuka njano na linaambukiza karatasi ya jirani, wala usizibandike ukutani kwa selotepu, ile nayo inageuka njano inakula karatasi. Mombasa joto na unyevu mwingi, bati la biskuti lenye kifuniko, juu kabatini mbali na ukuta wa bafu, inatosha. Zile za kumeremeta zipe kila moja bahasha yake ili wali upone.

Habari yako Shangazi. Mamangu aliniletea success card nikiwa fomu foo, 2014, hadi leo iko kwa wallet imekunjwa mara nne. Ameshaaga. Sasa sistangu mdogo anafanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza fomu foo, mwaka huu na mimi ndio nimebaki wa kumtumia. Nimenunua kadi lakini ndani tayari kuna shairi la Kizungu, na mimi ni fundi wa pikipiki, maneno sina. Niandike nini? – Kaka mkubwa, Kitale

Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu mama.

Kuna utafiti mwingine wa 2018, Amit Kumar na Nicholas Epley, waliwaambia watu waandike barua za shukrani wakazituma kweli, kisha wakawafuata waliopokea. Waandishi walikua na wasiwasi kama wako huo, nimepangilia vizuri, maneno yanatosha, ataniona wa ajabu. Waliopokea wala hawakuangalia huko, waliangalia ule upendo, na walifurahi kuliko waandishi walivyokisia. Basi shairi lile liache lilivyo, upande wa kushoto ule mweupe ndo wako.

Andika Kiswahili mnachoongea nyumbani. Anza na jina mnalomwita. Kisha mwambie kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, labda alivyokua anasoma na taa ya simu gereji ikifungwa, sijui, wewe ndo unakijua. Usimwandikie lazima apate A, hiyo anaambiwa na kila mtu. Alafu itoe ya mama kwenye wallet, soma alichokuandikia, chagua sentensi moja uinakili na umwambie hii mama aliniandikia mimi, angekuwepo na wewe angekuandikia pia. Ile yenyewe usimpe, bado ni yako, ila itoe kwenye mkunjo huo wa nne kabla haijakatika, iweke katikati ya kitabu.

Shule nyingi zinazuia wageni muhula wa tatu, kwahiyo piga simu kwa mwalimu wake uulize kama kadi zinapokelewa na mpaka lini, na uipeleke mapema, ifike kabla ya pepa ya kwanza.