Bypass tunayo, mbona foleni ya Mkuyuni iko palepale?

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 maswali yenu ya barabara za Mwanza yamezidi hata yale ya viwanja, na mengi yanafanana, kwa iyo nimechukua machache tu. Ambaye hajaona lake asikasirike, huenda jibu lake limo kwenye swali la mwenzie.

Mwangaluka kaka. Mi naendesha hiace ya Buhongwa–mjini. Tuliambiwa barabara ya Usagara–Kisesa ikiisha malori yatapita kule sisi tupumue. Imeisha siku nyingi, lami ipo, lakini asubuhi kuanzia Nyegezi mpaka Igogo natambaa na gia namba moja. Nani anatudanganya?
*Dereva, Buhongwa*

Mwangaluka baba. Hakudanganyi mtu, ila ile barabara haikujengwa kwa ajili yako wewe. Bypass, yani barabara ya kuzunguka nje ya mji kama hiyo ya Usagara–Kisesa, inamfaa mtu ambaye hana shida na mji. Lori limetoka Shinyanga linakwenda Sirari mpakani na Kenya, likifika Usagara linakata kulia, linakula kilomita kama 17 linaibukia Kisesa, linaendelea zake Magu na Musoma bila kuliona Jiwe la Bismarck pale mjini. Ilo kweli limetoka mbele yako na ukitaka kujua faida yake waza kama yangekuwa bado yanapita pale Mabatini.

Sasa nawe jiulize, saa moja asubuhi pale Mkuyuni mbele yako kuna nani? Kuna hiace wenzako, kuna IST ina mtu mmoja na begi la laptop, bajaji, boda, kuna fuso la simenti linaenda kushusha hapohapo mjini. Wote hao wanakwenda mjini. Ukiwajengea bypass hata tatu hawataifuata maana wanakotaka kufika hakupo huko. Sensa ya 2012 Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilikuwa na watu kama laki saba, ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni moja na laki moja. Hao laki nne walioongezeka wengi wamejenga Buhongwa, Kishiri, Igoma, Buswelu, lakini kazi, soko, hospitali ya Bugando na ofisi za serikali viko kulekule katikati. Mji ukiwa mdogo magari ya kupita ni sehemu kubwa ya magari yote, ukikua wapitaji wanakuwa wachache kati ya wenyeji, na hapo bypass peke yake haisikiki kabisa.

Alafu Mwanza ina shida yake ya maumbile. Ziwa huku, milima ya mawe kule, mji umebanwa kwenye pembe, kwa iyo barabara kubwa za kuingia zinahesabika: Kenyatta inayotoka kusini, Nyerere inayotoka upande wa Musoma, na ile inayoshuka kutoka Airport na Pasiansi. Mtu wa Buhongwa akitaka kwenda Nyakato, mazoea ni kushuka mpaka mjini alafu apande tena, kama vile mji ni kituo cha kubadilishia magari. Ata abiria wa mkoani ndo hivyo, basi la Shinyanga linamwacha Nyegezi, la Musoma liko Nyamhongolo, katikati anavuka jiji zima na mabegi. Ndo maana mi huwa nasema barabara ya Buhongwa–Igoma kupitia Kishiri ina maana kubwa kwako kuliko hiyo ya Usagara. Ni ya ndani, inawapunguza watu ambao hawana sababu ya kuuona mjini.

Na nikuambie kitu ambacho hutakipenda. Njia moja ya lami ikiwa inatiririka vizuri kabisa inapitisha magari kama 1,800 kwa saa, yani gari moja kila sekunde mbili. Wewe ukisimama kwenye lami sekunde ishirini, konda anagombania abiria wawili na hiace ya nyuma, umeshazuia gari kumi. Wakifuata wenzako watano kwenye kituo hicho hicho wakafanya hivyohivyo, hesabu mwenyewe. Najua utasema kituo chenyewe kimejaa, boda wamepaki kwenye kibaraza cha daladala, kile kipande cha pembeni cha kusimamia nje ya njia, na mama wa ndizi kaweka meza palepale gari linapotakiwa kuingilia. Ni kweli, nimeona. Hapo wa kulaumiwa sio wewe peke yako, ila kibaraza cha daladala kirefu, kinachoachwa wazi, ni dawa ya bei rahisi kuliko yoyote ile na hakuna anayekuja kukikatia utepe. Sehemu nyingine ni zile njia panda ambazo hazina njia ya pembeni ya kukatia kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa iyo anayekata kulia lazima asubiri wa mbele wapite, na kama ni semi lenye tela basi kila aliye nyuma yake anasubiri nae hata kama ye anaenda moja kwa moja. Mita mia moja za lami ya ziada pale katikati zingetosha.

Shikamoo. Nimepata kiwanja kizuri sana kando ya hiyo barabara ya Kisesa, mbele kabisa, nataka nijenge fremu nne za maduka. Mume wangu anasema tukae mbali na barabara, mi naona biashara iko barabarani. Nani yuko sahihi?
*Mama wawili, Kisesa*

Marahaba mama. Kwenye biashara uko sahihi wewe, kwenye mengine yote yuko sahihi baba watoto.

Tuanze na pesa yako. Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mkoa, yani mita 30 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande. Usipime kuanzia kwenye ukingo wa lami kama mafundi wengi wanavyofanya, pima kuanzia katikati. Chukua futi kamba, nenda asubuhi magari yakiwa machache, uwe na mtu wa kukuangalizia. Ukikuta nguzo fupi za zege zimeandikwa herufi za barabara, huo ndo mpaka, fremu zako zisiguse. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, nenda ofisi ya TANROADS, wale wakala wa barabara, ukaulize kwa maandishi, maana dalali atakuambia "hapa hawafiki" kwa sababu yeye kesho hayupo. Unazijua zile X wanazochora ukutani. Ya kijani maana yake kuna fidia, nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi, bomoa mwenyewe. Sitaki uamke siku moja uione nyekundu kwenye mlango wa fremu ya tatu.

La pili linatuhusu wote, na hapa ndo moyo wangu uliko kwa kweli. Bypass haiuawi na malori, inauawa na sisi tunaoisogelea. Angalieni wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Kampala walifungua Northern Bypass mwaka 2009, kilomita 21, sehemu kubwa ikiwa njia moja kwenda na moja kurudi na mizunguko ya kawaida kwenye makutano. Kabla hata haijazoeleka mji ukaifuata, nyumba, masoko, stendi za boda, na ile mizunguko ya Kalerwe na Bwaise ikawa na foleni ambayo mtu akisimulia unadhani ni katikati ya mji. Wakaanza kuipanua 2014, wakamaliza 2021. Yani wamejenga barabara moja mara mbili.

Sasa kwenye bypass ya Kisesa kila fremu inataka mlango wake wa kuingilia lami. Mteja anasimama ghafla, boda anachepuka kushoto bila indiketa, mtoto anavuka kwenda kununua vocha, wiki mbili baadae amegongwa mtu, wananchi wanafunga barabara na mawe, matuta yanawekwa. Tuta moja, likifuatiwa na lingine, kisha kibao cha 50. Dereva wa lori akishaona huko nako ni 50 na matuta, atapita wapi? Anarudi mjini, atleast kule kuna chakula. Kinachotakiwa ni barabara ndogo ya pembeni inayoenda sambamba na ile kubwa, maduka yote yatazame huko, alafu kila baada ya kilomita kadhaa kuwe na sehemu moja ya kuingilia iliyotengenezwa vizuri. Hiyo kazi inafanywa kwenye mipango miji wakati bado ni mashamba ya mihogo, sio baada ya ghorofa kusimama. Kwa iyo mama, ukipata kiwanja kinachotazamana na barabara ya mtaa, nyuma kidogo, nunua hicho. Wateja wako ni majirani zako, sio lori la kwenda Sirari.

Kaka kuna foleni zingine sizielewi. Unasimama dakika kumi, mnasogea, unafika mbele hamna ajali, hamna trafiki, hamna kitu. Nini kilikuwa kinatuzuia?
*Mwanafunzi, Nyegezi*

Mlikuwa mnazuiana wenyewe. Wajapani walilijaribu hili, utafiti ukatoka 2008: wakachukua magari 22, wakayaweka kwenye duara la mita 230, wakawaambia madereva zungukeni tu kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Hakuna taa, makutano wala tuta. Haikuchukua muda foleni ikajitengeneza yenyewe, gari zikawa zinasimama kabisa alafu zinaondoka, na ule msongamano ukawa unarudi nyuma kinyume na magari yanakoelekea. Mmoja anakanyaga breki kidogo, wa nyuma yake anakanyaga zaidi, wa tatu zaidi, wa kumi anasimama. Ukiwa wewe ndo wa kumi utatafuta ajali mpaka uchoke. Anayeacha nafasi mbele yake anasaidia kumeza hiyo breki isifike nyuma, ila kwa Mwanza ukiacha nafasi bajaji mbili zimeshaingia, kwa iyo sikulaumu.

Mimi naona dawa ni moja, Kenyatta na Nyerere zote ziwe njia nne au sita, basi. Mbona wenzetu Marekani wanajenga kubwa na wanaishi vizuri?
*Mwalimu mstaafu, Kirumba*

Shikamoo mwalimu. Hao Marekani ndo wa kujifunzia hasa. Houston, Texas, wana barabara inaitwa Katy Freeway, walimaliza kuipanua 2008, sehemu iliyo pana zaidi ina njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari ya asubuhi ukaongezeka asilimia 30 hivi, jioni asilimia 55. London nao wana M25, mduara wa kilomita 188 kuzunguka jiji, ulikamilika 1986, na wameendelea kuupanua kipande kwa kipande mpaka leo na foleni zake wanazo.

Sababu sio uchawi. Barabara ikiwa nyepesi, aliyekuwa anaondoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni anaanza kuondoka saa moja, aliyekuwa anapanda hiace ananunua Vitz, na mwingine anasema kumbe naweza kujenga Usagara nikafanya kazi mjini. Wote wanakutana tena palepale. Sisemi tusipanue, mwalimu, sehemu kama pale Mkuyuni kweli pamebana na mji unakua. Ila ukipanua uanze kwa kujiuliza njia ya ziada ni ya nani. Hiace moja inabeba watu kumi na tano kwenye nafasi inayokaribia ya magari mawili madogo yenye mtu mmojammoja. Dar es Salaam mwaka 2016 walianza mabasi ya mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni, yana njia yake, na pamoja na malalamiko yote ya mabasi kuwa machache na watu kuingilia dirishani, hakuna njia ya kawaida ya lami inayobeba watu wengi vile kwa saa. Kwa Mwanza mi ningeanza na njia ya daladala tu, rangi na usimamizi, saa za asubuhi na jioni. Wenye magari watanichukia najua.

Sisi wa Sengerema tunafurahi na daraja, ila wenye magari wa huko mjini wanasema tumewaletea foleni. Ni kweli?
*Mfanyabiashara wa samaki, Sengerema*

Kidogo tu, na watazoea. Enzi za kivuko pale Kigongo ilikuwa unasubiri, inashusha magari yote kwa mkupuo, yanakimbizana mpaka Usagara yakiwa yamejipanga. Sasa hivi daraja lina kilomita 3, unavuka kwa dakika chache saa yoyote, magari yanakuja yametawanyika na hiyo kwa njia panda ya Usagara ni nafuu. Kilichoongezeka ni safari ambazo zamani hazikuwepo kabisa: mtu wa Sengerema anakuja Mwanza kutibiwa na kurudi jioni, wewe unaleta sato wangali na barafu. Hizo ndo safari daraja lilijengewa. Pale pa kuangalia ni Usagara penyewe, maana sasa njia ya Geita, ya Shinyanga, ya mjini na ya Kisesa zote zinakutania eneo moja, na stendi isiyo rasmi ya mishikaki na bajaji inazidi kunona kila mwezi. Pakipangwa sasa hivi bado kuna nafasi.

We mama wa Kisesa, ukishapima hizo mita 30 niandikie umekuta nini.